Ovaloki ipi inakufaa: ya chuma ya nyuzi 3, ya nyumbani, au ya kiwandani?

Muuza ovaloki, mashine inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa kwa nyuzi, huanza na "unataka ya nyuzi ngapi?" na wateja wengi hujibu "nyingi." Hapo ndipo pesa inapopotea. Fundi wa magauni ya kitenge anaondoka na mashine ya nyuzi 5 inayokata akiba yote ya kupanulia nguo. Mshona fulana anaondoka na ya nyuzi 3 kwa sababu ilikuwa na bei nafuu, kisha mishono inaachia mabegani baada ya kufuliwa mara chache. Kabla ya idadi ya nyuzi kuna maswali mawili: mshono upi unaoushona kila siku, na juu ya kitambaa gani?

Liwekwe wazi pia kwamba ovaloki haichukui nafasi ya cherehani. Haitii zipu, haishoni matundu ya vifungo wala haigeuki kona ya kola. Lile pindo la fulana lenye mistari miwili juu na mtandao wa nyuzi kwa chini nalo halitoki kwenye ovaloki. Lina mashine yake. Wapo walionunua ovaloki ya nyuzi 5 wakidhani ndiyo hiyo.

Je, unahitaji kununua?

Kwenye mitaa ya mafundi hakosekani mwenye ovaloki anayewapigia wenzake kwa malipo ya kila nguo. Mpango huo si wa kudharau. Chukua bei ya mashine pamoja na meza, mota na nyuzi za kuanzia, kisha gawa kwa kile unachookoa kwa kila nguo. Tuseme jumla ni shilingi 600,000, kupigiwa nguo moja ni 1,000, na ukijipigia mwenyewe uzi na umeme vinakula 200. Unaokoa 800, kwa hiyo mashine itajilipa kwa nguo 750. Anayeshona nguo 5 kwa wiki atangoja karibu miaka mitatu. Anayeshona 5 kwa siku, siku 6 za wiki, atamaliza ndani ya miezi sita. Weka bei za mtaa wako kwenye hesabu hiyo.

Kwa anayeshonea familia tu, cherehani yenye zigizaga inatosha kwa muda: upana milimita 5, urefu 2, sindano ishuke nje kidogo ya ukingo. Haikati kitambaa, na ukingo hautakuwa safi kama wa ovaloki, lakini nyuzi za kitenge hazitafumuka. Cherehani nyeusi za pedeli hushona mshono ulionyooka tu, hivyo hazimo katika hesabu hii.

Aina nne kwa pamoja

| | Ya chuma (GN1-1) | Ya nyumbani | Ya kiwandani, nyuzi 3 au 4 | Ya kiwandani, nyuzi 5 |
|---|---|---|---|---|
| Sindano | 1 | 1 au 2 | 1 au 2 | 2 |
| Kasi ya juu, mishono kwa dakika | ndogo, hutegemea mguu au mota | 1,300 hadi 1,500 | 5,500 hadi 7,000 | 5,500 hadi 7,000 |
| Meno pacha (yameelezwa kwenye sehemu ya fulana) | kwa kawaida hakuna | yapo | yapo | yapo |
| Umeme | si lazima, pedeli inatosha | wati 100 hadi 150 hivi | mota ya wati 400 hadi 550 | mota ya wati 400 hadi 550 |
| Pindo la kuviringisha | hapana | ndiyo, kwa kusogeza kitufe | kwa bamba na mguu maalumu | hapana |
| Mafuta | matone kila siku | matone mara chache | tangi la mafuta ndani | tangi la mafuta ndani |

GN1-1 ni muundo wa China unaouzwa kwa chapa nyingi. Ukiona namba hiyo, ni mashine ileile. Za nyumbani ni kama Brother 1034D, Singer za mfululizo wa 14, na Juki MO-654DE. Za kiwandani zinazoonekana sana ni Juki MO, Siruba 700 na Jack. Namba zao zinasomeka: Siruba 737 ni ya nyuzi 3, 747 ni 4, 757 ni 5. Kwa Juki, MO-6704 ni 3, 6714 ni 4, 6716 ni 5. Muuzaji akikwambia MO-6714 ni ya nyuzi 5, unajua umesimama kwa nani.

Zipo pia zinazojitungia uzi wa lupa (vyuma vinavyozungusha uzi kwenye ukingo) kwa upepo, mfano baadhi ya Baby Lock. Ni starehe kweli, ila bei yake ni ya juu sana na fundi wa kawaida hataki kuzifungua.

Kitenge, khanga na vitambaa visivyovutika

Hapa nyuzi 3 ndizo zenyewe. Nguo inashonwa kwanza kwa cherehani, kisha ovaloki inafunga ukingo ili usifumuke. Uzi wa nne hauongezi chochote kwenye kazi hiyo, na unakula. Mshono wa nyuzi 3 hutumia uzi kiasi cha mita 14 kwa kila mita ya ukingo. Wa nyuzi 4 hufika mita 18, wa 5 hufika 20. Mshono wa kawaida wa cherehani ni mita 2.5 hadi 3 tu, kwa hiyo anayetoka kwenye cherehani hushtuka jinsi koni zinavyoisha.

Chukua gauni lenye mita 6 za kingo. Nyuzi 3 zinakula mita 84. Asilimia 20 hivi inatoka kwenye sindano, na 80 inayobaki inagawanyika karibu sawa kati ya lupa mbili: mita 17 kwa sindano, mita 34 kwa kila lupa. Koni ya yadi 5,000 ni mita 4,572. Koni za lupa zitaisha karibu na gauni la 134, ya sindano itakuwa haijafika hata kwenye kiini. Ndiyo maana wazoefu wanabadilishana koni: ya sindano inahamia kwenye lupa, mpya inakuja kwenye sindano. Kwa sababu hiyohiyo huna haja ya koni tatu za kila rangi. Nunua rangi ya kitambaa kwa ajili ya sindano, lupa ziweke kijivu, nyeusi au maziwa.

Kwa fundi wa kitenge mwenye nguo chache hadi kiasi kwa siku, ya chuma ya nyuzi 3 ndiyo tunayoipendekeza bila kigugumizi. Inakwenda kwa pedeli umeme ukikatika, mafundi wa kuitengeneza wapo hadi wilayani, na vipuri vyake vinauzwa rejareja. Kelele ipo na mtikisiko upo. Ukisahau matone ya mafuta asubuhi, itakukumbusha kwa sauti ya kusaga chuma.

Fulana, jezi na kila kinachovutika

Mambo yanageuka kabisa. Mshono wa ovaloki ndio unaoshika nguo, hakuna cherehani iliyotangulia. Sindano ya pili ndiyo inayozuia mshono usifunguke ukivutwa, kwa hiyo nyuzi 4 ni lazima begani na kwenye kwapa. Lakini sifa ya kuidai zaidi hapa ni meno pacha.

Chini ya mguu kuna meno ya mbele na ya nyuma yanayotembea kwa mwendo tofauti. Kwenye mashine za nyumbani kirekebishi huenda kutoka 0.7 hadi 2.0. Kikiwa 1, meno yote yanatembea sawa. Ukipandisha hadi 1.5 au 2, meno ya mbele yanasukuma kitambaa kingi kuliko yale ya nyuma yanavyokitoa, hivyo jezi haivutiki na ukingo hautoki na mawimbi. Ukishusha hadi 0.7, kitambaa kinatanuliwa kidogo, nayo shifoni haikunjamani. Mashine isiyo na meno haya itakutolea fulana yenye pindo linalopepea kama jani la mgomba, na hakuna kukaza uzi kutakakoliponya. Kwa hiyo ya chuma ya nyuzi 3 iache kwa mwenye kitenge.

Ya nyumbani ya nyuzi 4 inashona jezi vizuri kwa oda ndogo. Ukitaka nyuzi 3, unatoa sindano moja: ukitoa ya kushoto unabaki na mshono mwembamba, ukitoa ya kulia unabaki na mpana. Kwa wingi, nenda kiwandani, na hesabu ya kasi inaonyesha kwa nini. Mishono 1,300 kwa dakika, kila mmoja milimita 2.5, ni mita 3.25 kwa dakika. Mishono 6,000 ni mita 15. Fulana 30 zenye mita 6 kila moja ni mita 180: dakika 55 dhidi ya 12, na hapo ni kwa kasi ya juu bila kusimama. Kiuhalisia muda mwingi unaliwa na kupanga kitambaa, lakini mota ndogo iliyokanyagwa hadi mwisho kila siku hupata joto, na kitabu cha mashine ya nyumbani hakikuandikwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Sare za shule

Ya nyuzi 5 inaunganisha na kufunga ukingo kwa mpigo mmoja: sindano ya kushoto inashona mnyororo, ya kulia na lupa zake zinafunga ukingo. Kwa karakana inayotoa kaptura na sketi kwa saizi zilizopangwa, hakuna mashine inayolipa haraka kuliko hiyo.

Ila ina masharti. Kwenye kipimo cha kawaida sindano zimeachana milimita 5 na upana wa ukingo ni mwingine 5, yaani jumla ya akiba ni sentimita moja, na kisu kimeshakata kilichozidi. Mzazi anayenunua suruali ya darasa la tatu akitegemea ipanuliwe darasa la nne hatapata cha kupanulia. Pili, mnyororo ukikatika na kuvutwa kutoka upande wake unafumuka wote mara moja, kwa hiyo kila mwisho wa mshono lazima uvukwe na mshono mwingine au ukazwe kwa cherehani. Fundi wa kupima mwili kwa mwili, anayeacha sentimita 2.5 kiunoni, mashine hii itamkalia bure.

Dera, mitandio na vitambaa laini

Mashine ya nyumbani inazishinda zote hapa, hata za kiwandani, kwa mtu asiyetaka kununua mashine ya pindo peke yake. Toa sindano ya kushoto, sogeza ulimi wa bamba (kichuma chembamba ambacho mshono hujiviringisha juu yake) hadi alama ya R, punguza urefu wa mshono hadi kati ya milimita 1 na 2, kisha kaza uzi wa lupa ya chini hadi uuvute uzi wa lupa ya juu ufunike ukingo pande zote mbili. Pindo la mtandio linatoka jembamba, limeviringika. Likianza kuachana na kitambaa na kuning'inia kama kamba, mishono imebanana mno: ongeza urefu kidogo, na upana wa kukata pia. Sindano iwe namba 75/11, tena mpya.

Ukishona hariri au shifoni nyepesi sana, mshono wa nyuzi 2 unakaa laini zaidi. Juki MO-654DE inaufanya. Brother 1034D haiufanyi.

Umeme, na mitego yake

Mota ya klachi, ile inayonguruma tangu unapowasha hata kama hujakanyaga, inakula umeme muda wote. Mota ya servo inatumia inapokanyagwa tu, iko kimya, na kasi yake unaweza kuishusha wakati unajifunza. Anayejaza luku kila wiki ataiona tofauti. Kama mashine nzuri inauzwa na klachi, bakiza pesa ya servo.

Mashine za kiwandani zilizotoka viwandani wakati mwingine zina mota ya fezi tatu. Umeme wa chumba cha duka ni wa fezi moja, hauiwashi. Tatizo hilo linatibika kwa kubadili mota, lakini likate kwenye bei. Ukishabadili, angalia mshale kwenye gurudumu: mota ikizunguka kinyume, lupa hazitapokea uzi na mafuta hayatasukumwa inavyotakiwa.

Mashine za nyumbani zilizoletwa kutoka Marekani ni za volti 120. Ukizichomeka kwenye volti 230 zinaungua papo hapo. Soma kibati cha nyuma, si kichwa cha plagi, maana plagi hubadilishwa. Transfoma ya wati 300 inatosha kwa mashine ya wati 130, nayo ni kitu kingine cha kubeba na kuharibika. Kwa inveta ndogo ya sola, ya nyumbani ndiyo inayokwenda; mota ya klachi huvuta umeme mwingi wakati wa kuanza na kuizima inveta.

Yanayoleta kesi kwa fundi, na sababu zake

Kati ya mashine zinazoitwa "mbovu", nyingi hazina ubovu. Zimetungwa uzi vibaya. Lupa hutungwa kwanza, sindano mwisho. Uzi wa lupa ya chini ukikatika, usiutunge peke yake na kuendelea: uzi wa sindano umeshalala juu ya lupa hiyo, na ule mpya utapita upande usio wake. Utakatika tena baada ya mishono miwili mitatu, na utadhani tensheni (mkazo wa uzi) imekaza. Chomoa uzi wa sindano, tunga lupa, kisha rudisha sindano. Tena inua mguu wakati wa kutunga: kwenye mashine nyingi za nyumbani, mguu ukiwa chini sahani za tensheni zimebana na uzi unakaa juu yake badala ya kuingia katikati. Mshono unatoka legevu hata ukizungusha namba hadi 9.

Kubadili rangi hakuhitaji kutunga upya. Kata nyuzi za zamani karibu na koni, funga mpya kwa fundo dogo, legeza tensheni, shona taratibu hadi fundo zipite kwenye lupa. Za sindano zikate kabla ya tundu, tunga kwa mkono.

Nyuzi zikining'inia nje ya ukingo, lupa zimelegea au kisu kinakata ndani mno kuliko upana wa mshono. Ukingo ukijikunja ndani ya mshono, ni kinyume chake. Ukifungua mshono ukaona nyuzi zimepanda ngazi, kaza ya sindano. Mishono ikirukwa, badili sindano kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na uisukume hadi juu kabisa kabla ya kukaza skrubu.

Sindano hazilingani. Brother na Juki za nyumbani zilizotajwa zinatumia 130/705H, zile zinazouzwa kila duka. Juki MO na Siruba za kiwandani hutumia DCx27. Kwenye za nyumbani usivuke namba 90/14: ya 100/16 ni nene kiasi cha kugonga lupa, na jinzi zikikutana mikunjo minne ndipo inapogonga. Kazi ya jinzi ya kila siku ipeleke kwenye ya kiwandani.

Pini ni adui wa visu. Itoe kabla haijafika kwenye mguu, au iweke sambamba na ukingo, sentimita 3 ndani. Kisu kilichogongwa hutafuna kitambaa badala ya kukikata, na dalili ya mwanzo ni nyuzinyuzi zinazobaki kwenye ukingo wa vitambaa laini.

Kichwa cha mashine ya kiwandani husafirishwa bila mafuta. Jaza mafuta meupe ya cherehani hadi kati ya mistari miwili ya kioo kabla ya kukanyaga mara ya kwanza. Badilisha baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila nusu mwaka hivi. Mafuta ya kupikia yanaganda ndani, ya injini ni mazito na yanachafua nguo.

Ukifika dukani, hasa kwa iliyotumika

Nenda na koni ndogo za rangi nne tofauti, na vipande vyako: kitenge, jezi, na kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne. Weka kila rangi kwenye njia yake, ndipo ukiona kasoro utajua inatoka kwenye uzi upi. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza. Liwe laini mzunguko mzima, bila mahali linaponata. Fungua mfuniko wa mbele na umulike ulimi wa bamba. Ukivunjika ncha, mshono hauna pa kujiviringisha, na hilo ni bamba jipya. Pitisha ukucha kwenye ncha za lupa: mkwaruzo unaousikia kwa ukucha utakuwa unakata uzi. Shona jezi kwa meno pacha yakiwa 1, kisha 2. Usipoona tofauti yoyote, kirekebishi kimekatika.

Usikubali mashine ijaribiwe kwa kipande cha muuzaji. Kipo pale kwa sababu mashine imekwisha kurekebishwa kwa ajili yake.

Kisha uliza bei ya visu viwili, bamba na lupa za modeli hiyohiyo, na uombe uvione. Asipokuwa navyo, pita duka la pili na la tatu kabla ya kulipa.